Zimebaki Roho Mbili

"Fungua mlango huu! Fungua kabla hatujauvunja!"

Ngumi zikazidi. Bawaba ya juu ikaanza kulia, na vumbi la fremu likamwagika kwenye zulia.

Ndani, Kaseti alikuwa amekaa chini amekunja miguu, pedi ya kuchezea mchezo mkononi, macho kwenye televisheni yake ya chogo. Hata shingo hakugeuza.

Wewe uliyekosa gazeti la wiki iliyopita, pole, umekosa uhondo. Nitakuchotea kidogo tu, wenzako wasije wakaninunia. Kaseti ni mfamasia, dada wa watu mwenye kazi yake na heshima zake. Jina hilo kapewa na mtaa, na hajalichukia hata siku moja. Chumba chake cha nyuma kimejaa mashine za michezo ya zamani, zile za kuchomeka kaseti, ambazo wengi wetu tulizitupa jalalani bila hata kuziaga. Yeye amezikusanya tangu mshahara wake wa kwanza. Moja kaitoa chini ya meza ya fundi redio, nyingine kabadilishana na feni yake nzima, nyingine ilikuja kutoka ughaibuni imefichwa katikati ya robota la mitumba.

Harusi yake na mpima ardhi ilikuwa imekaribia. Asubuhi ya siku hiyo, shangazi wa bwana harusi akaleta vitambaa vya sherehe. Akakuta mlango wa mbele wazi, akaingia mpaka ukumbini, na huko akasikia sauti ya mkwe wake mtarajiwa ikipenya kwenye mlango wa chumba cha nyuma:

"Leo Mkubwa hatoki! Lazima nimuue. Zimebaki roho mbili tu."

Haya. Mimi na wewe tunajua. Wanaocheza michezo hiyo huita "mkubwa" lile jitu la mwisho linalolinda lango, na "roho" ni idadi ya mara unazoruhusiwa kufa kabla mchezo haujakufukuza. Lakini kwenye ukoo wa mpima, Mkubwa ni mtu wa nyama na mifupa. Ni Baba Mkubwa, kaka yake Shangazi, mwenye neno la mwisho katika kila jambo, harusi ikiwemo. Shangazi akaviacha vitambaa, akatoka mbio kumwahi kaka yake. Akamkuta kalala sakafuni, hajitambui.

Basi ngumi zilizokuwa mlangoni zilikuwa za huyo Shangazi, na za mwenye nyumba, na nyuma yao majirani kadhaa wasiotaka kusimuliwa.

"Kaseti! Unatusikia?" Hiyo ilikuwa sauti ya mwenye nyumba.

"Nawasikia, Mzee! Ngojeni kidogo!"

"Tungoje nini?"

"Nimalize kumuua huyu!"

Ngumi zikakoma. Kisha Shangazi akapiga yowe ambalo mpaka mafundi wa gereji ya jirani waliweka spana chini.

Msimlaumu Kaseti. Michezo ya enzi hizo haihifadhi kitu. Ukizima, umerudi mwanzo, hata uwe umefika wapi. Alikuwa kwenye pambano hilo tangu alfajiri, siku yake ya mapumziko, na jitu lilikuwa limebakiwa na pumzi ya mwisho. Akabonyeza mara moja. Jitu likaporomoka, muziki wa ushindi ukalia. Akaweka pedi chini, akanyoosha sketi, akaenda kufungua mlango akitabasamu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Shikamoo yako siipokei! Ipeleke huko kwa hao unaowatumikia!"

Tabasamu likamtoka Kaseti. Akamwangalia Shangazi, akamwangalia mwenye nyumba. Mzee yule, ambaye siku zote huvaa kofia akienda kudai kodi, leo alikuwa kichwa wazi, na mkononi alishika dumu la mafuta ya taa.

"Kuna nini, Mzee? Nani anataka kuungua?"

"Binti," mwenye nyumba akasema, "mimi nilikupangisha chumba cha kulala na chumba cha stoo. Sikukupangisha... hayo."

Akaingiza kichwa ndani, akaona. Na kusema kweli, kwa mtu aliyekuja na mawazo yake, chumba kile hakikumtetea mwenyewe. Taa nyekundu za mashine ziliwaka kwenye giza la pazia. Pedi zilining'inia ukutani na mikia yake. Kaseti zilijaa rafu toka chini mpaka juu, kila moja na plasta nyeupe ya duka la dawa, na kwenye kila plasta maandishi ya mkono.

Mwenye nyumba akaivuta ya karibu, akaisogeza machoni, akasoma kwa sauti. "Roho... tisini na tisa."

Majirani wakarudi nyuma kwa pamoja.

"Hiyo imechakachuliwa, Mzee," Kaseti akaeleza haraka. "Aliyeitengeneza alitaka mtu acheze bila kufa."

"Bila kufa!" Shangazi akawageukia majirani. "Mmesikia kwa masikio yenu? Anakusanya roho za watu ili yeye asife! Kaka yangu yuko hospitalini, hasemi, hafumbui macho. Sumu hakula, kwenye ngazi hakuanguka. Yuko sebuleni kwake, mzima wa afya, saa ileile huyu anahesabu roho huku, kule mtu chini! Mpaka redio yake ilitoa moshi yenyewe!"

"Baba Mkubwa anaumwa?" Kaseti akashtuka kweli. "Mbona hakuna aliyenipigia? Yuko hospitali gani?"

"Usijifanye!" Shangazi akamnyooshea kidole. "Na si leo tu. Juzi jioni nimepita nje, nikaona kivuli kwenye pazia. Kimeshika kidude mdomoni kinapuliza! Fuuu! Kisha kinakitumbukiza. Fuuu! Kinakitumbukiza tena. Anayepuliza hivyo ni nani kama si mchawi?"

"Shangazi, mimi sipulizi kaseti."

"Niliona!"

"Sipulizi. Mate yanaingia kwenye meno ya kaseti yanatia kutu. Mimi nasafisha kwa spiriti na pamba, muulize yeyote anayenijua. Kupuliza ni ujinga wa utotoni."

Ni jibu gani hilo, jamani? Mtu anatuhumiwa uchawi, yeye anajitetea kwamba kaseti zake hazina kutu. Lakini ndivyo alivyo. Ungemwita mwizi angekuvumilia, lakini si kusema kwamba anapuliza kaseti.

Mwenye nyumba akakohoa. "Binti, tusirefushe. Haya madude yatoke, tuyachome uani, mtaa upumue. Ukikataa, utahama leo."

"Nyumba ni yako, Mzee. Ukinipa notisi nitahama. Lakini nitahama nayo, moja baada ya nyingine, mchana kweupe, kila mtu akiniona. Kuchoma hapana."

"Mwanamke mzima!" Shangazi akadakia. "Unaolewa, wenzio wanakusanya vyombo, wewe unakusanya madude ya watoto wa kiume! Huna hata haya?"

Hapo ndipo damu ilipomchemka Kaseti. Angetukanwa kingine chochote angemeza.

"Ya watoto wa kiume? Shangazi, nilipokuwa mdogo kulikuwa na banda la michezo nyuma ya shule yetu. Nilikuwa naenda kila siku. Unajua nilikuwa nafanya nini? Naangalia. Kila nikiomba pedi naambiwa, 'Msichana zamu yake ni ya kuangalia.' Nimeangalia mpaka banda likavunjwa, sijawahi kushika pedi hata kwa bahati mbaya. Nikaapa. Nikasema nikiwa mkubwa, nitakuwa nazo zote, na hakuna atakayenipangia zamu. Sasa ninazo. Na leo unaniambia zamu yangu ni ya kuangalia zikiungua?"

"Mwaga, Mzee," Shangazi akasema.

Mwenye nyumba akafungua dumu. Dumu likamyumba, mafuta yakamwagika kizingitini kabla hajaamua ayamwage wapi. Harufu ikapanda.

Na Kaseti akakaa. Akakaa palepale kizingitini, juu ya mafuta, sketi yake ya kijani ikanyonya mpaka magotini. Akauegemeza mgongo kwenye fremu na kuunyoosha mguu mpaka fremu ya pili.

"Haya. Nani ana kiberiti? Asogee awashe. Aanze na mimi."

Jirani mmoja akakumbuka ameacha maji jikoni. Mwingine akasema kiberiti chake kimelowa. Mwenye nyumba akabaki na dumu lake, anamwangalia Shangazi amwambie la kufanya, na Shangazi anaitazama sketi inavyonyonya mafuta.

Viatu vikasikika ukumbini. Majirani wakapisha.

"Kuna nini hapa?"

Alikuwa mpima ardhi. Bwana harusi mwenyewe, buti zina udongo mwekundu, shati limetoka nje ya suruali, macho mekundu kwa vumbi na mawazo. Kaseti alipomwona, moyo ulimtulia, nao ulikuwa umeanza kumwenda mbio, sitawaficha.

"Afadhali umekuja," akasema. "Waambie, mpenzi. Wanadhani roho ni roho. Waeleze, wewe unajua."

Mpima akatazama mafuta. Akatazama dumu. Akatazama kila kitu isipokuwa uso wa mchumba wake.

"Waache wavichukue," akasema.

"Nini?"

"Ni vitu tu. Waache wachome, yaishe. Baba Mkubwa yuko kitandani, huu si wakati wa kubishania midoli. Tukishaoana tutatafuta vingine."

"Sikuongelea vitu. Nimesema waambie roho ni nini."

"Mimi mambo hayo siyajui."

Kaseti alidhani amesikia vibaya. Huyu huyu! Huyu aliyekaa kwenye zulia lile jioni ngapi sijui, pedi ya pili mkononi, anaruka akishinda na kununa akishindwa! Huyu aliyemwomba "nikopeshe roho moja tu, mama" mpaka wakacheka machozi! Maneno ya Shangazi hayakumuuma, na kiberiti hakikumtisha. Lile "siyajui" ndilo lililomkata.

"Hata hospitalini nilimwuliza," Shangazi akasema, amepata nguvu upya. "Nikamwambia, mwanangu, mchumba wako anahesabu roho, maana yake nini? Akasema, 'Sijui, Shangazi.' Anakuogopa, maskini. Umemfunga mdomo."

Kaseti akanyanyuka. Mafuta yalikuwa yanamdondoka.

"Vizuri. Kama yeye hajui, mimi nitawaonyesha. Ingieni wote. Mzee, liache dumu hapo nje, vua viatu, kaa kwenye zulia. Mkiona roho ya binadamu hata moja ndani ya mashine hizi, kiberiti nitawasha mimi mwenyewe. Msipoiona, dumu linarudi jikoni na Shangazi ananiomba radhi mbele ya mtaa huu huu. Tumekubaliana?"

Shangazi akasita. Lakini majirani walishaanza kuvua viatu. Udadisi bwana, hauna dini.

Wakaingia. Wakakaa kwa woga, magoti pamoja, kama wanasubiri sindano. Kaseti akachagua mchezo rahisi, ule wa kijana anayeruka mashimo, akauchomeka, akawasha.

Kioo kikatoa mistari ya kijivu. Hakuna picha wala sauti.

"Imekataa!" Shangazi akasema. "Imeona watu, imeogopa."

"Imeshika vumbi tu. Ngoja nilete spiriti." Kaseti akageuka kwenye kabati lake la dawa, akaanza kutafuta pamba.

Mpima alikuwa amesimama kando ya mashine. Simu ilikuwa mkono wa kulia, anatazama kama hospitali wamepiga, mawazo yake yako mbali kabisa. Na mkono wake wa kushoto, wenyewe tu, bila kutumwa, ukashuka. Ukachomoa kaseti. Ukaipeleka mdomoni.

Fuuu.

Akaipitisha toka upande huu mpaka ule. Fuuu. Akaichomeka, akaisukuma kwa kidole gumba, akaigonga mashine kofi dogo ubavuni, pale pale inapopenda kugongwa.

Picha ikaja. Muziki ukalia chumba kizima.

Kaseti aligeuka na chupa ya spiriti mkononi. Hakuna aliyekuwa anatazama televisheni. Wote walikuwa wanamtazama mpima, na mpima alikuwa anautazama mkono wake.

"Kile kivuli," Shangazi akasema taratibu. "Kile cha kwenye pazia. Kilikuwa na mabega haya."

"Shangazi, mimi..."

"Hujui mambo hayo? Mbona mkono unajua?"

Mwenye nyumba peke yake ndiye aliyekuwa ameanza kusahau kesi. Pedi ilikuwa mbele yake, na kijana wa kwenye kioo alikuwa anasubiri. Akabonyeza. Kijana akatembea. Akabonyeza tena, kijana akatumbukia shimoni.

"Ameenda wapi?"

"Amekufa, Mzee," Kaseti akamwambia. "Yaani wewe ndiye umekufa. Angalia pale kwenye kona. Vile vikatuni vilikuwa vitatu, sasa ni viwili. Hizo ndizo roho. Umebakiwa na roho mbili."

"Mbili tu? Lakini sikuwa tayari!" Mzee akasogea karibu na kioo. "Naanza tena. Nisisemeshwe."

Kicheko kikapasuka. Jirani aliyekimbilia maji jikoni alikuwa amerudi, naye akaomba awe wa pili. Shangazi hakucheka, lakini alivitazama vile vikatuni kwenye kona kwa muda mrefu, na mabega yake yakashuka. Ni mtu mkali, si mtu mbaya. Alikuwa na hofu ya kumpoteza kaka yake, akaitafutia hofu hiyo mahali pa kukaa.

"Nimekukosea, mwanangu," akamwambia Kaseti, na alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Nisamehe." Kisha akamgeukia mpima. "Lakini wewe. Uliniacha nilete watu na dumu kumchoma mwenzio. Kwa nini?"

"Niliona aibu," mpima akasema. "Nina watu wengi chini yangu kazini. Wakijua jioni naruka mashimo..."

"Aibu ingekufanya unyamaze," Kaseti akasema. "Wewe umesema waache wachome."

"Nilitaka yaishe tu."

"Yaishe nini?"

Macho ya mpima yaliponyoka. Yakapanda rafu ya juu kabisa, yakarudi chini upesi. Kidogo tu. Mwanamke anayeishi na mtu moyoni mwake hahitaji zaidi ya hapo.

Kaseti akavuta kiti, akapanda. Kwenye rafu ile kulikuwa na boksi moja tu, boksi la mashine ya kijivu iliyotoka kwenye robota la mitumba, ambayo ndiyo jicho la mkusanyiko wake wote. Mashine ile hata yeye huigusa kwa kitambaa. Akalishusha boksi. Ndani yake kitu kikagongana, kako kako.

Mashine yake haikuwa na kitu cha kugongana.

Akafungua. Taulo. Akafunua taulo. Vigingi vya mbao, vilivyochongwa ncha, vina rangi nyekundu kichwani. Vigingi vya kupimia viwanja.

"Iko wapi?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ya chini sana, na mwenye nyumba akaacha kucheza.

"Nilitaka kukuambia."

"Iko wapi?"

"Nilimpa Baba Mkubwa. Jana jioni." Mpima akajifuta jasho. "Alikuwa anasita kuibariki harusi. Siku moja akanisimulia alikuwa na mashine kama ile ujanani, akasema hajawahi kuisahau. Nikaona ndiyo njia ya kumlainisha. Nilifanya kwa ajili yetu! Nikamwambia ni zawadi, imetoka kwako. Alifurahi mno."

"Ulimpa na transfoma?"

"Transfoma gani?"

Kaseti akafumba macho. Chini ya meza, pale ilipokuwa siku zote, transfoma ya kupunguza umeme ilikuwa imekaa, nzito kama tofali.

"Ile mashine si ya umeme wetu," akasema. "Kule ilikotoka umeme wao ni nusu ya huu. Ukiichomeka ukutani hivi hivi inalipuka."

Shangazi akashika kifua. "Ile redio," akasema. "Ile redio ya kijivu iliyotoa moshi. Alikuwa kalala pembeni yake. Haikuwa redio."

Muziki wa mchezo tu ndio ulioendelea kulia, mchangamfu, hauna habari.

Basi mtuhumiwa alikuwa na kesi kweli! Mashine iliyompiga Baba Mkubwa ilikuwa ya Kaseti, na zawadi ilikwenda kwa jina la Kaseti. Jirani mmoja akaanza kulitazama tena dumu kule nje.

Lakini Kaseti alikuwa anafikiria kitu kingine.

"Shangazi. Ile plagi uliiona?"

"Niliichomoa kwa mkono huu."

"Ilikuwa na plasta nyekundu? Niliizungushia mara tatu. Nimeandika kwa herufi kubwa: USICHOMEKE BILA TRANSFOMA. Hata asiyejua kusoma angesita."

Shangazi akatikisa kichwa polepole. "Haikuwa na plasta. Ilikuwa safi."

Macho yote yakarudi kwa mpima.

"Nani aliibandua?" Kaseti akauliza.

Mpima akalirudisha taulo juu ya vigingi. "Ilikuwa inachafua zawadi," akasema. "Ilionekana vibaya. Nikaibandua."

"Uliisoma?"

Mpima akaigeuza simu mkononi.

"Uliisoma kabla ya kuibandua?"

"Nilidhani ni mambo yako tu. Unavyovidekeza hivi vitu, kila kimoja na masharti yake. Nikadhani unazidisha."

"Na leo hospitalini ulijua. Ulipofika kwenye mlango huu ulijua. Ulitaka viungue vyote, boksi la vigingi liungue pamoja navyo, kusiwe na wa kuuliza mashine imeenda wapi. Mimi niitwe mchawi, wewe uwe mjane wa uchumba."

"Sikuwa na uhakika..."

"Ulikuwa na uhakika wa kutosha kutaka moto."

Simu ikalia mkononi mwa mpima. Akaitazama, rangi ikamtoka usoni. Kabla hajaamua, Kaseti alikuwa ameshaichukua na kuiweka kwenye spika.

"Haloo, ndugu wa mgonjwa?" Ilikuwa sauti ya nesi, ya mtu mwenye kazi nyingi. "Mzee wenu amezinduka. Anaongea vizuri. Ila msishtuke, neno lake la kwanza limekuwa ni polisi. Anasema kuna binti anayekusanya mashine amemtumia mtego wa umeme kwa makusudi. Ametaja jina na mtaa. Askari wameshatoka hapa, wanakuja huko."

Mpima akaikwapua simu, akakata.

"Nisikilize," akasema, haraka haraka. "Toka kwa mlango wa nyuma. Nenda kwa mama yako, kaa siku chache. Mimi nitazungumza na Baba Mkubwa, nitamtuliza, mimi ni damu yake. Ukibaki hapa utaharibu kila kitu."

Kaseti akamtazama mtu huyu aliyetaka kuzeeka naye. Iliuma, na hakujaribu kujifanya haiumi. Machozi yalimlenga, akayafuta kwa mkono wenye mafuta, yakawasha zaidi.

"Nimekaa juu ya mafuta ya taa sikukimbia," akasema. "Leo nimkimbie mzee aliyelala kitandani? Nitakwenda mwenyewe, kwa miguu yangu. Nitamweleza lile alilolificha mwanawe."

Akainama, akaibeba transfoma kwa mikono miwili, akaikumbatia kifuani. Wote walipotoka, akafunga mlango wa chumba, akautoa ufunguo na kumkabidhi Shangazi.

"Wewe tu, Shangazi. Usimpe mtu."

Shangazi akaufunga ufunguo kwenye pindo la nguo yake, akaokota tambara jikoni na kumtupia mpima miguuni. "Piga deki," akamwambia. "Ufute mafuta yote. Mimi namsindikiza mke wa watu."

"Mke wangu," mpima akasema.

"Nimesema wa watu."

Walipofika getini, geti likafunguliwa kwa nje. Askari wawili, mmoja mwanamke na mmoja mwanamume, na nyuma yao gari injini inanguruma.

"Tunamtafuta mtu anayeitwa Kaseti," askari wa kike akasema. "Ni nani hapa?"

Majirani wakaangalia chini. Mwenye nyumba akaangalia juu. Hata Shangazi alijisogeza mbele kidogo, amkinge.

Kule nyuma, kwenye mlango wa nyumba, pale mafuta ya sketi yalipodondokea, mpima ardhi alikuwa amepiga magoti na tambara mkononi. Akanyanyua mkono wake wa kushoto, akanyoosha kidole.

"Shusha mkono," Kaseti akamwambia, bila kugeuka kumtazama. Akaipachika transfoma vizuri begani, akamsogelea askari mpaka harufu ya mafuta ya taa ikawafikia wote wawili. "Ni mimi. Na kabla hamjanifunga pingu, mmoja wenu anishikie hii. Ni nzito, na ndiyo shahidi wangu."